Protini ya Nyumbani Kwao

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Profesa alifungua friza kubwa la maabara, akatazama vichupa saba vya damu ya kaka yake, akanong'ona: "Shikamoo, kaka." Kisha alifunga akaanza kazi. Nilikuwa fundi wake wa maabara kwa miaka kumi na saba, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza kama kuna anayeitikia.

Habari za kwao alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo. Mama yake alikuwa mshonaji. Ikafika siku akawa anainama kila mara kutazama kama mguu bado uko kwenye kanyagio la cherehani, maana mguu wenyewe haukumpa habari tena. Ganzi ikapanda hadi magotini, na mwisho moyo nao ukachoka. Profesa alikuwa na miaka kumi na minne. Baadaye ikawa zamu ya kaka, dereva wa lori. Huyo alikanyaga kaa la moto jikoni, na kilichomshtua ni harufu, si maumivu. Kabla hajafariki alimnyooshea Profesa, dada yake, mkono amtoe damu.

"Chukua yote," alimwambia. "Ila ukimkamata huyo mwizi, mzabe kofi moja kwa niaba yangu."

Mwizi alikuwa protini. Kila mtu anayo katika damu: vipande vinne vilivyokumbatiana, vinatikisika na kujinyoosha bila kuachana. Katika ukoo wao, kosa dogo la kurithi lililegeza kumbatio hilo. Vipande vikaachana, vikajikunja vibaya, vikagandamana kwenye neva. Profesa alitumia maisha yake kutafuta molekuli ndogo ya kuvibana visiachane. Aliweza kukaa saa nzima mbele ya kompyuta akitazama protini ile ikitikisika, kama mtu anayeitazama nyumba alimofiwa.

Jambo moja tu alilikwepa. Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akija siku za Ijumaa na ombi lile lile.

"Dada, mashine unazo. Nipime basi, na wewe ujipime."

"Ngoja nipate dawa kwanza. Kujua bila dawa kuna faida gani?"

"Faida ni kujua."

Profesa alimmiminia chai, akageuza mazungumzo.

Mwaka ule tulipoipata molekuli iliyovishika vipande visiachane, badala ya kufurahi alianza kuogopa korido.

"Kuna mtu ananifuata," aliniambia alasiri moja, akiwa ameegemea mlango. "Anaburuta mguu kama mama. Nikigeuka, anakoma."

Juma zima nilikuwa nimetembea nyuma yake, na nilijua ni nani anayeburuta. Siku ya pili ndipo nilipopata ujasiri.

"Profesa, naomba utazame kiatu chako cha kulia."

Soli ilikuwa imelika nchani tu, kama imepigwa msasa. Aliketi, akavua kiatu na soksi, akachukua sindano akajichoma kidole gumba cha mguu. Tone la damu likachomoza. Hakukunja uso.

"Kumbe nimekuwa nikijikimbia mwenyewe," alisema. Kisha akakunja mkono wa koti. "Nitoe damu. Upime wewe. Mimi sitaweza."

Jibu lilipotoka, kosa lilikuwapo. Alimpigia mdogo wake simu, naye akaja bado ana chaki vidoleni.

"Miaka yote nimelala na kuamka na swali hili," mwalimu alisema. "Na wewe jibu ulikuwa nalo hapa hapa, hatua mbili!"

"Niliogopa, mdogo wangu. Nisamehe."

Tukampima na yeye. Hakuwa na kosa hilo. Alilia hadi kwikwi ikamshika, na Profesa, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi, akaangua kicheko: "Sasa unalia nini? Umepona hata kabla ya kuugua!"

Jaribio la dawa lilipoanza, hakuweza kuwa msimamizi na mgonjwa kwa wakati mmoja. Alimkabidhi kazi mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni daktari, akaenda kuketi kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nilimsindikiza. Fundi mwashi mstaafu aliyeketi kando yake alimnong'oneza:

"Dada yangu, hivi aliyetengeneza dawa hii anajua anachofanya?"

Profesa alimgeukia. "Anajua nusu," alisema. "Nusu nyingine anangojea kusikia kutoka kwetu."

Sasa ni mwaka wa tatu. Ganzi haijarudi nyuma, lakini haijavuka kifundo cha mguu. Kila mwezi daktari huchora mpaka wake kwa kalamu ya wino juu ya ngozi. Profesa huomba kalamu auchore mwenyewe, macho ameyafumba, akipapasa polepole mahali ambapo mguu unaacha kuwa wake.