Supu Iliyokwenda Ndanai

Ko, ko, ko: mwiko ukigongwa ukingoni mwa sufuria. Majirani wa Chepkemboi kule Kimulot waliukumbuka mlio huo miaka mingi baadaye, kwa sababu harufu ilikuwa nyuma yake, na harufu ile ilivuka mashamba ya chai bila kubisha hodi.

Katikati ya miaka ya tisini, wengine pale walichemsha kuku kwa chumvi, basi. Chepkemboi alifundishwa bizari na Nyathira, mwenye duka: kaanga vitunguu mpaka vifanane na udongo wetu, tia tangawizi, kisha bizari, ukoroge upesi isiungue, ndipo uweke kuku, viazi, karoti na maji ya moto. Mvua ya milima ya Mau ikinyesha, bakuli moja lilimrudishia mchuma chai vidole vyake.

Janeffer, mama mkwe wake, aliipenda supu hiyo kuliko wote. Na wao wawili walipendana. Walichuma safu moja, wakaimba sauti moja kanisani. Chepkemboi alikuwa amezaa wasichana watupu, Chemutai akiwa wa kwanza, na mama huyo hakuwahi kumtupia neno. Kwa hiyo Janeffer alipomwambia, "Mama Chemutai, nipikie supu, kuna mgonjwa kule Ndanai," Chepkemboi hakuuliza ni nani. Alichinja mtetea wake aliyekuwa bado anataga.

"Usitie pilipili," Janeffer alisema. "Na mafuta yaache hapo juu."

"Huyo mgonjwa ana tumbo gani, mama?"

"Tumbo la watu. Pika!"

Wakacheka. Ikawa hivyo kila Jumamosi: Janeffer akiondoka na mkebe wa maziwa umejaa supu, amekaa mbele katika pikapu ya mahindi iliyoendeshwa na Robert, mume wa Chepkemboi, ambaye kazi ilimlaza Ndanai wiki nzima.

Siku moja, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, Phelis, mchuma chai mwenzake aliyekuwa ametoka kuwaona wazazi wake Ndanai, alimwita Chepkemboi kwa sauti.

"Bibi ya Robert! Mbona hukuja? Tumekunywa supu yako, wewe mwenyewe hatukuoni!"

"Kuja wapi?"

"Kwa mtoto! Wamama wametaja wazee wa kwenu mmoja mmoja, kitoto kimenyamaza kama hakimu. Kufika kwa mzee Kipkosgei, chya! Kikapiga chafya. Jina likapatikana!"

Wanawake waliangua kicheko. Chepkemboi naye alicheka, kisha akaelewa. Mtoto wa Kipsigis huitiwa marehemu wa upande wa baba yake mpaka apige chafya. Hakuna anayeitiwa wafu wa ukoo mwingine. Na marehemu Kipkosgei alikuwa baba yake Robert, mwanawe wa pekee.

Phelis aliuona uso wake, akainama kupanga majani yaliyokwisha kupangwa.

Robert alikuwa mwanamume wa safari, na hofu ya mwanamke mwingine Chepkemboi alikuwa ameizoea kama baridi. Lakini anayeongoza kuita majina yale ni nyanya wa mtoto, mama wa baba yake. Ni Janeffer aliyekipakata kitoto na kumwita mumewe arudi, huku ndani ya mkebe mna kuku wa Chepkemboi, wa kumwongezea mzazi maziwa.

Jumamosi Janeffer alikuja na mkebe wake. Sufuria ilikuwa motoni.

"Yule mgonjwa anaendeleaje?" Chepkemboi aliuliza. "Na Kipkosgei mdogo, ananyonya vizuri?"

Janeffer aliketi taratibu. "Nani amekuambia?"

"Watu waliisikia chafya, mama."

"Ni mvulana, Chepkemboi. Mzee amerudi nyumbani. Ningefanyaje? Ningekuambia, ungekataa kupika. Ungechukua watoto uende kwenu, nami ningebaki na nani?"

 Chepkemboi alipakua supu, nyama kwanza, kisha viazi, akajaza mkebe mpaka shingoni. Akakaza kifuniko, akapangusa mafuta yaliyotiririka ubavuni, akauweka miguuni pa mama mkwe wake.

"Hukuniuliza," alisema, kwa sauti ndogo ambayo moto nusura uimeze.