Kompyuta Iliyodhaniwa Shimo

Nawasimulia mwenyewe, kwa kuwa watu wa avenyu yetu wameshaisimulia vya kutosha na kila mmoja anatia chumvi yake (kuna anayesema nilikutwa nimevaa kaptula tu, na huo ni uongo, nilivaa suruali, ila kofia ya dereva ilikuwa kichwani, hilo sikatai). Aibu yenyewe ni hii: mimi, mzee wa mvi, rais wa kamati ya avenyu, niliyesimama asubuhi mbele ya watu nikasema kwa ukali kwamba mwenye shimo ndani ya nyumba ajitaje, nilivamiwa mchana wa siku hiyohiyo na shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, polisi wawili na nusu ya watu walewale, wakitafuta shimo chini ya kitanda changu.

Asiyekaa Kolwezi huenda asielewe. Hapa kwetu madini hayako mlimani tu, yako hata chini ya jikoni, na tangu kobalti ianze kutafutwa watu walichimba ndani ya vyumba vya kulala, mlango umefungwa, redio imefunguliwa kwa sauti ili jembe lisisikike, na kwa kuwa huko chini hakuna pumzi waliweka feni ya umeme ya kusukuma hewa ndani ya bomba refu la plastiki. Halafu siku moja ukuta wa jirani ambaye hakuchimba chochote unapasuka, na sakafu inashuka na vyombo vyote. Kwenye avenyu yetu nyumba mbili zilikuwa zimeshazama, namshukuru Mungu ilikuwa mchana na watu walikuwa sokoni. Ndipo shefu akatuletea neno: wakaguzi watapita, na likionekana shimo jingine hata moja katika mstari wetu, mstari mzima utabomolewa, aliyechimba na asiyechimba, wote wataondoka mikono mitupu. Hapo ndipo tukaunda kamati, na mimi, kwa kuwa nilisoma hadi sekondari na nilikuwa mtunza bohari kazini (mtu asiyepoteza hata msumari, ndivyo nilivyojisifu), nikafanywa rais.

Jirani yangu wa ukuta ni Tata Mutombo. Nasema wa ukuta kwa sababu nyumba zetu ni pacha, ukuta mmoja katikati, mimi nikikohoa yeye ananipa pole. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, yeye mwenyewe alizaliwa hapa kama mimi, lakini ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa kwetu alipelekwa stesheni na mke na watoto, akalala pale chini pamoja na wengine wakingoja treni, na aliporudi baada ya miaka mingi alikuwa na watu wachache kuliko aliokwenda nao. Hayaongelei hayo. Ila kila ukipita uvumi wa watu kuondolewa, anatoa mifuko yake mikubwa ya mirabaraba na kuanza kufunga vitu.

Sasa kompyuta. Binti yangu Klarisa alipohamia Lubumbashi kwa mume wake aliacha kwetu kompyuta yake ya michezo, sanduku kubwa la chuma lenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani, akaniambia nilifunike shuka tu hadi atume gari. Gari halikuja. Nami mstaafu nisiye na kazi mchana, nikafunua shuka. Kulikuwa na mchezo wa kuendesha lori, lori refu, katika nchi za theluji, barabara laini kama meza. Ndugu zangu, mimi ndiye ninayekaa barazani nikilaani malori ya madini yanayotumwagia vumbi jekundu kwenye ugali, na bado nikawa naingia ndani, nafunga mlango, navaa kofia ya dereva (ya marehemu kaka yangu, aliyekuwa dereva kweli) na kupeleka mizigo thelujini hadi jioni. Mke wangu, Mama Rejina, alijua. Kwa watu wengine nilisema daktari ameniamuru kupumzika mchana kwa ajili ya presha.

Tatizo lilikuwa makelele. Mchezo ukianza feni za ndani zilivuma taratibu, nikifika mjini penye majumba na magari mengi zikapanda, zikapanda, hadi Mama Rejina akapiga kelele toka uani kwamba kinu cha kusaga kimeamka. Siku moja Tata Mutombo akaniuliza kwa upole, tukiwa tumeketi mbele ya nyumba:

"Tata Ilunga, ku chumba yenu kuko kintu kinalia mchana. Ni nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu, mengine yote yalifuata. Ningesema, "Ni mchezo wa Klarisa, njoo uone," na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini niliona haya, mzee kama mimi na michezo ya watoto, nikasema ni friji. Akatikisa kichwa polepole akasema, ah, friji. (Friji yetu ilikufa zamani. Mama Rejina huweka unga ndani yake, na Mama Mutombo huazima unga huo.)

Kwa kuwa nilishasema ni friji, ilibidi iache kulia kama kinu. Nikatengeneza sanduku la mbao, nikalibandika ndani sponji ya godoro kuukuu, nikaitumbukiza kompyuta humo na kufunga kifuniko. Kimya kizuri. Nikaendesha kwa furaha, na karibu kabisa na kufikisha mzigo skrini ikawa nyeusi, nikagusa sanduku, moto kama jiko. Nikatoboa matundu, joto likapungua, makelele yakarudi. Nikaziba nusu ya matundu, ikazima tena. Nilihangaika hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kuelewa kitu rahisi, kwamba feni zinalia kwa sababu ya joto, na kadiri ninavyozifungia ndivyo joto linavyozidi na ndivyo zinavyozidi kulia. Inahitaji hewa, nikasema. Basi hewa itoke nje kwa njia yake.

Nikaenda soko la Musonoi nikanunua bomba. Sikufikiri hata kidogo. Muuzaji aliniuliza kama nataka la mita ngapi na kama chini kuna maji, nami nikacheka nikidhani ananitania. Nikanunua na kile kifeni cha kusukumia hewa kinachouzwa pamoja nalo, nikakifunga nyuma ya sanduku ili kivute joto, bomba nikalipitisha dirishani, nikalificha nyuma ya mpapai uani. Kisha nikasukuma sanduku likabana ukutani kabisa, ule ukuta wetu wa kati, ili lisitikisike. Ikafanya kazi! Joto likatoka, na upande wangu ukabaki mvumo mzito wa chini, kama mtu anayeimba besi akiwa amefumba mdomo. Nilijiona fundi.

Kumbe upande wa pili ule mvumo uliingia ukutani, ukashuka hadi sakafuni, na Tata Mutombo akawa anausikia kwa miguu, chini ya kitanda chake. Na kumbe siku ya kwanza nilipowasha kile kifeni, vumbi lote jekundu lililokuwa limejaa ndani ya kompyuta lilitoka kwa bomba na kutua juu ya mashuka meupe ya Mama Mutombo. Sauti chini ya nyumba, vumbi jekundu, bomba dirishani, mzee anayejifungia mchana. Wewe ungefikiri nini?

Jumamosi ile kamati ilikutana asubuhi. Nikasimama, nikanyoosha kidole, nikasema kati yetu kuna mtu anayewachimbia wenzake kaburi na ajitaje kabla hatujamtaja sisi. Watu wakatazamana. Nikadhani nimewagusa mioyo. Tata Mutombo alikuwa anatazama viatu vyangu. Nikarudi nyumbani nimeridhika, Mama Rejina amekwenda koro, mazoezi ya kwaya, nikafunga mlango, nikavaa kofia na kuziba masikio kwa vile vipokea sauti vya kichwani, nikawasha lori.

Walibisha hodi, sikusikia. Wakazunguka uani, wakaona bomba, na polisi mmoja akalivuta kwa nguvu kujua linaelekea wapi. Mimi nilikuwa kwenye mteremko, nimebeba mbao, mara skrini ikatikisika, kibodi ikaniponyoka, sanduku likaanza kutembea lenyewe kwenda dirishani, na lori langu likapinduka kwenye theluji. Nikaruka kulishika sanduku, na nilipogeuka chumba kilikuwa kimejaa watu, mimi nimekumbatia mbao na kofia imeniangukia machoni.

Shefu akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Tata Ilunga. Weye prezida."

Akaniuliza kinachovuma humu ni nini. Na mimi (hapa ndipo ninapojicheka hadi leo) nikasema friji. Watu wote wakageuza shingo kutazama friji, ambayo mlango wake ulikuwa wazi na mfuko wa unga ukichungulia. Mtu akakohoa. Polisi akaanza kugonga sakafu kwa kisigino, akaagiza uletwe mtalimbo, simenti ivunjwe. Nami nilikuwa nachagua, ndugu zangu, nasema kweli, kwa sekunde chache nilikuwa nachagua kati ya sakafu yangu na aibu yangu.

Ndipo Tata Mutombo akapenya kutoka nyuma.

"Tata, mi sitafute mambo na weye," alisema. "Nguo zangu ziko mu mifuko tangu juma ilipita. Minauliza kintu kimoya tu. Hapa chini yetu kungali udongo, ao hakuna tena?"

Nilifungua kifuniko.

Taa zikang'aa, nyekundu, kijani, buluu, feni zikizunguka kwa bidii, na sponji ya godoro ikining'inia pembeni. Juu ya meza, kwenye skrini, lori lilikuwa limelala ubavu na theluji ikiendelea kulinyeshea. Shefu aliinama akatazama nyuma ya sanduku, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, akakuta viatu vyangu vya kanisani. Kisha mama mmoja anayeuza maharage kwenye kona, aliyekuwa ameingia na beseni lake kichwani, akauliza:

"Ile kamio inabeba nini?"

"Mbao," nikasema.

"Ah. Basi pole ya mbao."

Wa kwanza kucheka alikuwa Tata Mutombo. Alianza taratibu, akashika ukuta, akacheka hadi akakaa kwenye kitanda changu na machozi kumtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Nami nikaketi kando yake nikamwambia maneno ambayo ningepaswa kumwambia siku ile ya kwanza, kwamba udongo uko, haujaguswa, na kwamba nimemnyima usingizi kwa sababu ya haya za kijinga. Akasema, "Ile presha yako, Tata, kumbe ni ya kamio." Na jina la Shofere, yaani dereva, nililipata pale pale, kwa mdomo wa shefu, na ndilo ninaloitwa hadi na watoto wa shule.

Jioni nilimpigia Klarisa, na alipomaliza kucheka (alichelewa kumaliza) akanieleza: toa sanduku, toa sponji, iache ipumue. Tata Mutombo alikuja na pampu ya baiskeli, yeye anapuliza, mimi nazuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, vumbi likatoka kiasi cha kupanda mchicha. Fundi wa mjini akabadilisha dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kati ya chuma na kichwa cha mashine, akaweka feni kubwa zinazozunguka polepole badala ya zile ndogo za mbio. Klarisa akanielekeza pia nipunguze idadi ya picha mchezo unazochora kwa sekunde, maana nilikuwa naitesa mashine ichore nyingi kuliko macho yangu ya uzee yanavyoweza kuona. Miguu ya kompyuta tukaikatia vipande vya tairi ya ndani ya baiskeli, na tukaisogeza mbali na ukuta. Sasa inavuma kama mtu aliyelala vizuri, na ukiishika ni vuguvugu tu.

Wakaguzi walipita, wakagonga sakafu zetu zote, wakaondoka. Mstari wetu ungali umesimama. Kesho itakuwaje sijui, nani anajua hapa kwetu, lakini asubuhi iliyofuata baada ya wakaguzi nilitoka nje nikakuta kamba ya Mama Mutombo imejaa nguo tangu mwisho hadi mwisho, makoti, vitenge, nguo za harusi, hata mapazia, vyote vina alama za mikunjo ya kukaa ndani ya mifuko, naye anavinyoosha kimoja kimoja kwa kiganja.

Kompyuta iko sebuleni, mlango wazi. Sitamwambia tena jirani wa ukuta kwamba kitu ni friji. Nikitaka kuwasha nagonga ukuta kwanza, na Tata Mutombo anagonga upande wake, kisha anakuja na kiti chake, kwa sababu anasema ninaendesha vibaya kwenye miteremko.