Mzimu Aliyekagua Mshono

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi wa nguo, na kwa miaka yote niliyomfahamu niliamini hana siri hata moja. Mwanamke anayezungumza na wateja huku pini zimemjaa mdomoni atapata wapi nafasi ya kuficha kitu? Tunagawana chumba kimoja cha duka. Upande wa dirishani yuko yeye na cherehani yake, upande wa mlangoni niko mimi na vifungo, zipu, nyuzi na lastiki. Katikati, juu ya kabati, tumeweka televisheni ili wateja wasichoke kusubiri. Siku hizi wanakuja hata wasio na nguo ya kushona.

Kinachowaleta ni marudio ya Mgeni wa Ghorofani, ile tamthilia ya zamani ya mzimu. Familia inahamia kwenye nyumba kuukuu ambayo chumba chake cha juu hakifunguliwi, na kila saa ya ukutani inaposimama, mwanamke mwenye gauni jeupe refu anashuka ngazi taratibu, amewapa watu mgongo au ameinamisha kichwa, uso hauonekani. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, saa ya kwetu ikigoma tu sote tulihamia kulala chumba kimoja, na baba yangu, mtu mzima na ndevu zake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba mto. Leo vijana wanaitazama wanavunjika mbavu. Eti moshi unaomfuata mzimu ni unga wa kujipaka, eti mlango unalia kabla haujaguswa. Sawa, unalia kabla haujaguswa. Lakini wangekuwepo wakati ule tungewaona.

Ubishi mkubwa ni wa mizimu miwili. Msimu wa kwanza mzimu ni yule asiyeonyesha uso. Msimu wa pili walimleta mwigizaji mwingine, mwenye macho makubwa na kicheko cha kupasua masikio, akawa anaua watu hovyo. Mtaa wetu umegawanyika. Kinyozi wa mlango wa pili ni wa mzimu wa kwanza, kufa na kupona. Anamwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, anakuja kusimama mlangoni kwetu na mashine mkononi.

"Yule anaigiza kwa mgongo!" husema. "Nitajieni mwingine anayeweza kukutia huzuni kwa mgongo."

Muuza maziwa yeye hana chama, ana maswali. "Mimi mnieleze jambo moja tu. Kama anapita ukutani, ngazi anashukia nini?"

"Ni heshima, mama," Kinyozi humjibu. "Mzimu mwenye adabu hupita mlangoni."

Halafu yupo Hakimu. Huyo ni binti wa wifi, mwanangu mimi kwa upande wa kaka, anauza kwenye duka la dawa huko mbele. Jina hilo tulimpa tangu mdogo kwa sababu hakuna kitu kinachopita mbele yake bila kuhukumiwa, iwe chai, iwe ndoa ya watu. Mapumziko ya mchana huja na koti lake jeupe la kazini, anakaa kwenye benchi la wateja, anakunja nne. Yeye ni wa mzimu wa pili, na hukumu yake kwa wa kwanza haina rufaa.

"Huyo haigizi," alisema siku marudio yalipoanza. "Anatembea tu. Nipeni shuka, na mimi nitatembea."

Nikamwona wifi amesimamisha mguu kwenye pedali ya cherehani. Sindano ikabaki juu. Baadaye, watu walipotawanyika, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kisahani chake, akaniambia kwa sauti ndogo kama anayeungama: "Wifi, yule ni mimi."

"Yule nani?"

"Mzimu."

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye boksi la zipu. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Kwamba alishona mavazi ya tamthilia ile tulijua wote, maana aliondoka kwenda kuyashona mji wa mbali, akatuachia mtoto. Tusichojua ni kwamba mwongozaji alitaka gauni la mzimu liwe refu kupita kiasi, liburuze ngazini. Mwigizaji aliyeajiriwa akalikanyaga siku ya kwanza, akateguka kifundo. Aliyefuata akalikanyaga vilevile. Kila aliyejaribu akashuka ngazi kwa makalio. Aliyejua pindo la gauni lile limeishia wapi ni mmoja tu, yule aliyelikunja na kulishona, basi wakamvika. Wakamwambia kazi yake ni kushuka na kunyamaza. Kwenye majina ya mwisho wakaandika la yule aliyeteguka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshapigwa picha za matangazo.

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Mwanzo nilikatazwa. Halafu nikaona aibu. Ningesema nini? Mimi ndiye mgongo?"

Nikamwambia kesho nautangazia mtaa mzima. Akanishika mkono kwa nguvu, na mkono wa fundi cherehani si mchezo. "Usithubutu. Ipo ile sehemu ya shati, bado haijafika. Nataka Hakimu aitazame bila kuambiwa kitu. Nisikie mwenyewe atasema nini. Akicheka, basi, siri nimeifungua na nimeifunga."

Hapo nikamwelewa, na kicheko kikaniisha. Hakimu ana utani mmoja ambao huutoa kila hadithi za utotoni zinapoanza. "Siku yangu ya kwanza shuleni," husema, "mama alikuwa anawashonea mizimu." Watu hucheka, na kwa kweli anavyousema unachekesha. Wifi naye hucheka, kisha huinama kutafuta kitu chini ya cherehani ambacho hakikuanguka. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto yule shuleni. Sare alikuwa ameishona mama yake na kuituma kwa basi, na Hakimu aligoma kunyanyua kidevu nimfunge kifungo cha juu. Alisema hicho ni cha mama. Alivuka geti la shule kola ikiwa wazi.

Basi nikaapa kunyamaza, mimi ambaye habari ikilala kwangu huamka na homa. Ulimi uliniwasha siku hizo zote. Kinyozi anasifia mgongo, nami nameza mate. Muuza maziwa anauliza ngazi anashukia nini, nami nahesabu vifungo ambavyo vimeshahesabiwa. Hakimu anasema, "Tazameni anavyotembea, kama anaogopa kukanyaga nguo," nami nakohoa mpaka naletewa maji. Wifi anashona tu, mstari umenyooka, lakini nyuzi alikuwa anazikata kwa hasira.

Sehemu ya shati ikafika mchana mmoja duka limejaa. Kila anayeikumbuka tamthilia ile anaikumbuka sehemu hiyo. Mzimu anaingia chumba cha mtoto, anapita kitanda, na pale unapodhani anatoka, anasimama kwenye kiti penye shati dogo la shule. Baada ya hapo kisa kizima hubadilika, tunaambiwa mzimu ni mama anayemtafuta mwanawe. Kinyozi ameishi miaka yote akiifafanua. Kwake yeye shati ni roho, kiti ni dunia, na kifungo sijui ni kitu gani, kila mara anakibadilisha.

"Tulieni sasa," alisema, "somo linaanza."

Wifi akaniinamia sikioni. "Zima. Nimeghairi."

"Rimoti siioni," nikamjibu. Nilikuwa nimeikalia.

Saa ikasimama. Mlango ukalia kabla haujaguswa, Muuza maziwa akaguna. Gauni jeupe likaingia, likapita kitanda, likasimama. Mkono ukatoka kwenye ile mikono mipana ya gauni, ukalichukua shati. Hatukuona uso, tuliona mikono tu. Ikaigeuza kola, ikailaza. Kidole gumba kikaingia kwapani, kikapita juu ya mshono mpaka mwisho, kikarudi. Kisha mkono ukafunga kifungo cha juu, ukalipigapiga shati kifuani kidogo, kama unalituma dukani, ukalirudisha kitini.

Hakimu alikuwa ameshaanza. "Sasa mzimu gani huyu jamani, ametoka kuzimu kuja kukagua mshono wa kwapa? Hapo mwandishi aliishiwa. Mtu amekufa bado ana..."

Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kwenye kola ya koti lake la kazini, ukakaa pale. Asubuhi ileile, kabla hajaenda dukani kwake, alipita hapa kumsalimia mama yake, na mimi mwenyewe niliona alivyofanyiwa: kola ikalazwa, kidole gumba kikapita kwapani, kifungo cha juu, kisha kile kikofi kidogo cha kifuani, cha "haya, nenda". Hufanyiwa hivyo kila siku, na kila siku hunung'unika kwamba yeye si mtoto.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Hii ni televisheni, si simu," Kinyozi akamjibu. "Ikipita imepita."

Hakimu hakumsikia. Alikuwa amemgeukia mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameketi kwenye cherehani mikono mitupu, haijui iwekwe wapi.

"Mama. Ile ni mikono yako."

Mimi sikuweza tena. "Ni yeye!" nikapiga kelele. "Mzimu ni yeye, msimu wote wa kwanza ni yeye, mgongo ni wake, na wewe Kinyozi unaousifia kila siku unaupita hapo dirishani hata salamu huupi!"

Duka likalipuka. Kinyozi akashika kichwa kwa mkono ule wenye mashine, akajinyoa kipande juu ya sikio. Muuza maziwa akapata nafasi aliyoingoja maisha yake yote. "Fundi! Ngazi ulikuwa unashukia nini?"

"Walinilipa nishuke, mama yangu," wifi akasema, watu wakaanguka kwa kicheko.

Kinyozi akajikusanya. Alitaka uthibitisho kwamba alikuwa sahihi kuhusu roho na dunia. "Fundi, tueleze mwenyewe. Mwandishi alikwambia shati lile lina maana gani?"

"Hakuniambia kitu. Niliambiwa nipite nitoke nje. Kola ilikuwa imekaa vibaya, nikajisahau. Nilipomaliza nikakumbuka kumbe mimi ni mzimu. Nikajua nitafokewa. Mwongozaji akapiga makofi, wakaenda kuandika kisa upya."

Kinyozi alimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha akatikisa kichwa polepole. "Hapana, Fundi. Usikasirike. Wewe ulivaa gauni tu. Maana ya shati tunaijua sisi watazamaji." Akarudi kwake, ambako mteja alikuwa bado anasubiri na nusu ya kichwa chake.

Watu wakaanza kutoka, kila mmoja ana haraka ya kuwa wa kwanza kuipeleka habari. Hakimu hakuondoka, ingawa mapumziko yake yalikuwa yamekwisha. Alikuja akachuchumaa karibu na pedali, pale alipokuwa akichezea mabaki ya vitambaa alipokuwa mdogo.

"Kola tu, mama?"

Wifi akachukua pini, akataka kuitia mdomoni, akaiacha.

"Ilikuwa wiki uliyoanza shule," alisema. "Sare nilikushonea kwa kukisia, sikujua umerefuka kiasi gani. Nikawa nawaza, kwapani imembana au haikumbana. Nikaingia pale nimevaa gauni lao, nikaliona lile shati kwenye kiti. Saizi yako."

Hakimu aliweka paji la uso wake kwenye goti la mama yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi niligeuka nikapanga zipu ambazo hazikuhitaji kupangwa, na machozi yakanitoka, siwafichi.

"Haikunibana," alisema kutoka pale chini. "Ilinikaa vizuri kuliko ya mtoto yeyote."

Kesho yake mchana Kinyozi alikuja mapema, amevaa kofia kuficha ule upara wa juu ya sikio, tayari kwa mapambano. Muuza maziwa akamchokoza Hakimu kwamba sasa hana budi kuhama chama, mzimu wa kwanza ni mama yake. Sote tukamgeukia tusikie atajitoaje.

"Sihami," Hakimu akasema. "Nilishasema tangu mwanzo na narudia. Huyo wa kwanza haigizi."

Akasimama kwenda kazini. Alipofika kwenye cherehani akasimama mbele ya mama yake, kifungo cha juu cha koti kikiwa wazi, akanyanyua kidevu akangoja.