Gasper na Laptopu Yake

Tumpale, binti wa kutoka Mbebe, si mtu wa ugomvi, ila ukimchafulia jina, hapo umejitafutia. Alikuja Tunduma akajifunza kuhariri video za sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, akajenga jina kwa jasho lake. Kisha Gasper, mwenzake wa ofisi moja, akafuta picha za harusi ya watu, akasimama mbele ya kamati ya harusi, Mama Goodness akiwa mwenyekiti, akasema kazifuta Tumpale. Kamati ikaamini. Wateja wakamkimbia hivi hivi anaona, akabaki kupiga picha za pasipoti. Jambo lile halikumtoka rohoni hata siku moja.

Basi juzi Gasper huyo huyo kaingia kibandani kwake na laptopu kwapani, mpole utadhani si yeye. Sendofu ya Goodness, bintiye yule mwenyekiti, ni kesho yake, na video haitembei: inakwama, kioo kinakuwa cheusi, kisha inaandika memori ya picha haitoshi. Mafundi wamempigia upya windo, ile programu inayoendesha mashine, wamemwongezea RAM, wapi!

Tumpale akamuuliza ilianza lini. Akajibiwa tangu ilipojiapdeti, ikazima na kuwaka yenyewe. Moyoni akacheka. Akakigeuzia kioo upande wake, akaingia kwenye mipangilio ya mashine kabla windo haijaamka, akakuta alichokitegemea: apdeti imeshusha fungu la memori ya picha hadi chini kabisa. Akalipandisha, akaijaribu video, ikateleza. Akaifunga laptopu, akaipakata.

"Imepona," akasema. "Ila haitoki hapa mpaka umpigie Mama Goodness umwambie nani alifuta zile picha."

Gasper akaanza kulialia, oh, hayo ya zamani, oh, sisi ndugu. Tumpale akatazama zake malori yaliyopanga foleni ya mpakani. Alitamani Gasper alie zaidi. Mwishowe jamaa akapiga, sauti ya simu juu, na waliokuja kupiga picha wote wakamsikia akikiri. Mama Goodness akaomba apewe Tumpale, akamtaka radhi.

Gasper alipokabidhiwa laptopu akauliza kwa unyonge:

"Sasa dada, ikijiapdeti tena nifanyeje?"

Tumpale alipajua pa kuizuia, ni kubonyeza tu mara moja. Hakupagusa.

"Itajiapdeti," akamjibu. "Na wewe utarudi hapa hapa."