Sita kwa Sita ya Baba

Sisi tuliosoma shule ya msingi wakati maduka ya Tukuyu yanaanza kujaa vitu, tukikutana msibani au harusini hatuchelewi kuanza: enzi zetu hivi, enzi zetu vile. Tunawaambia watoto kwamba tulikwenda shule na jembe begani na kuni kichwani, mvua inatunyeshea mpaka tunasahau jua lina rangi gani, na hakuna aliyeugua mafua. Uongo. Tuliugua sana. Kamasi ilikuwa sehemu ya sare ya shule.

Lakini yapo ya kweli, na tangu mama afariki yananijia moja moja bila kuitwa. Nakumbuka tulivyokaa juu ya magome ya mgomba na kuteleza mlimani kwetu Suma mpaka sketi inabaki mshipi na nyuzi. Nakumbuka ndizi zilizopikwa na maharage mabichi, mama anazigeuza huku anaongea na mtu aliye barabarani. Nakumbuka maparachichi yalivyooza chini ya mti hadi nguruwe wakayakinai. Leo mwanangu analipiga picha nusu parachichi kabla ya kulila, kama vile limemtembelea kutoka Ulaya.

Na nakumbuka tulivyolala. Godoro letu lilikuwa gunia lililoshonwa na kujazwa majani makavu ya migomba. Likiwa jipya linakuinua kama mfalme. Baada ya miezi miwili majani yanasagika, yanakimbilia pembeni, na wewe unabaki katikati na kamba za kitanda. Ukijigeuza linapiga kelele, kwa hiyo nyumba nzima inajua nani kakosa usingizi. Hakuna aliyeuliza godoro la ukubwa gani linafaa chumba gani. Gunia lilikuwa saizi ya gunia.

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Watu wazima walilitamka neno hilo kama watu waliofunguliwa mlango wa stoo. Sabuni, ambayo tuliipanga foleni, ikawa inatuita yenyewe barabarani. Zikaja fulana za mitumba zenye maandishi ambayo hata mwalimu hakuyaelewa, na mzee wa kanisa akasimama mbele na fulana yenye picha ya mwanamke anayecheza dansi. Na yakaja magodoro ya sponji, yamesimamishwa nje ya maduka ndani ya nailoni, yana maua mekundu na ya bluu. Tukipita tunayabonyeza kwa kidole, yanarudi. Mwenye duka anatufukuza, tunazunguka, tunabonyeza tena.

Mwaka huohuo mama aliteleza na kikapu cha chai. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, na chai ilikuwa ya baba kwa jina, ya mama kwa mgongo. Alianguka chali juu ya shina lililokatwa. Wiki mbili hakuweza kuinama hata kuwasha moto. Mganga wa zahanati alimkandakanda, akamwambia baba mbele yetu, "Huyu mama asilale tena kwenye hilo gunia. Mtafutie godoro la kueleweka. La sivyo mgongo huu hautapona."

Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu. Hilo aliliomba. Alichukua kamba ya mgomba, akapima chumba chao kutoka ukutani hadi kwenye sanduku la nguo, akafunga fundo, kisha akampa baba.

"Futi nne kwa sita linatosha, Baba Tumpe," alisema. Tumpe ni mimi, mtoto wa kwanza. "Likizidi hapo mlango haufunguki."

Baba aliitia ile kamba mfukoni. Sijui kama aliwahi kuitoa. Tatizo ni kwamba jirani yetu, Baba Gwamaka, alikuwa amenunua tano kwa sita mwezi mmoja kabla, na tangu hapo alikuwa akimwamkia baba kwa namna ya mtu aliyelala vizuri. Sisi Wanyakyusa salamu yetu yenyewe ni kuulizana usingizi. "Ugonile?" Yaani, umelala? Baba Gwamaka alikuwa anaulizia njiani, kwa sauti, halafu anajinyoosha.

Basi baba akarudi kutoka Tukuyu na sita kwa sita.

Nalikumbuka lilivyokuja. Wanaume wanne walilibeba kichwani kutoka barabara kuu, mvua inanyesha, nailoni imechanika kwenye kona moja na sponji inanywa maji kama ng'ombe. Baba alikuwa mbele, hakubeba chochote, anaelekeza. Alipita mlangoni kwa Baba Gwamaka ingawa njia ya kwetu ni ya upande mwingine.

"Mnahama?" Baba Gwamaka aliuliza kutoka barazani.

"Hapana, jirani. Ni la kulalia tu. La tano nimeona linanibana mabega."

Baba alikuwa mwembamba kama mpini.

Fundi Ambokile alitengeneza kitanda uani kwetu kwa siku tatu, cha mbao nzito, misumari mpaka ndani kabisa, kona zake zote zimetiwa gundi. Siku ya nne wakakibeba kukiingiza. Hakikupita mlangoni. Wakakilaza ubavu, hakikupita. Wakakisimamisha, kikashika dari. Fundi akaingia peke yake chumbani, akatembea hatua zake, akatoka anajikuna shingo.

"Baba Tumpe, chumba ulikipima?"

"Nilikiona."

"Hata nikikivunja nikakiungia humo ndani, mtakuwa mnaingia kwa kuruka. Niruhusu nikipunguze. Na godoro nalikata kwa kisu, dakika moja."

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Nilimwona anafunga mikono kifuani, anasubiri.

"Kata cha kwako," baba alisema.

Kwa hiyo kitanda kikawekwa sebuleni. Viti vikatolewa nje, meza ikaegemezwa ukutani, na wageni wakawa wanapita ubavuubavu kama watu waliopanga mstari wa komunio. Baba alikataza nailoni isitolewe mpaka Jumapili, ili watu wa kanisani walione likiwa jipya. Mama, mwenye mgongo wake, akaambiwa avumilie gunia siku nne tu. Alivumilia. Ijumaa nilimsikia akimwambia dada yangu mdogo, "Jumapili usiku msiniamshe. Hata nyumba ikiungua, tokeni wenyewe."

Jumapili watu walikuja, walibonyeza, walisifu. Baba Gwamaka alibonyeza mara mbili, akaaga bila kujinyoosha, na hiyo ndiyo siku baba alifurahi kuliko siku niliyofaulu darasa la saba. Watu wakaondoka. Mvua ikaanza. Na katika mvua ile akaja babu.

Hapa lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Kwa desturi yetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tunaita kutila, ni heshima na ni woga pamoja. Mama alikuwa hajawahi kumtazama babu usoni tangu aolewe. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia kwenye migomba. Hakanyagi alipokaa, hali alichobakiza, na kitanda alicholala babu, kwake yeye ni kama kaburi lililofunikwa shuka. Miaka hiyo wapo walioanza kulegeza. Mama hakulegeza.

Kwa hiyo kikohozi cha babu kiliposikika, mama alijifunika kanga kichwani, akatoka mlango wa nyuma kwenda jikoni, kama kawaida. Babu akaingia anachuruzika maji. Viti vyote viko nje, vinanyeshewa. Sebule nzima ni godoro.

Mtu mwenye akili timamu angemletea baba yake kiti, akakifuta. Baba yangu akasema, "Karibu ukae hapa, baba. Ulione."

Babu akakaa. Nailoni ikalia. Akasogea, ikalia tena.

"Hivi ninyi mnalala juu ya mfuko?" aliuliza, akaikamata ile nailoni kwa kidole chake kilichopinda, akaichana kutoka kona hadi kona. Akaweka kiganja juu ya maua mekundu. Akalala ubavu kidogo, kujaribu. Halafu akavua viatu.

"Lina joto," alisema. Baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma.

Nilikimbia jikoni. "Mama, babu amelala kwenye godoro lako."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Amekaa au amelala?"

"Amelala. Amevua viatu."

Alimaliza ndizi ile, akachukua nyingine. "Haya," akasema. "Kamchukulie babu yako blanketi."

Jioni babu alipoondoka, baba alifanya mambo yote. Aligeuza godoro upande wa pili. Alitandika shuka mbili. Alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena.

"Ni sponji tu, Mama Tumpe. Sponji haina habari na ukoo."

"Mimi ninayo."

"Mchungaji mwenyewe amesema mambo haya yamepitwa na wakati."

"Mchungaji hakuolewa humu ndani."

Kisha mama akaingia chumbani, na tukasikia gunia linapiga kelele.

Nani alilala kwenye sita kwa sita? Sisi. Watoto wanne tulilala kwa upana, miguu haifiki mwisho, tunaruka juu yake mvua ikitufungia ndani, na mdogo wetu alilikojolea mpaka maua ya bluu yakawa ya kijani. Ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kupata maishani. Sitadanganya. Nikiamka nasikia mama anajigeuza kule chumbani, majani yanalia, nami najivutia shuka. Asubuhi watu wakipita wanamwamkia, "Ugonile?" naye anajibu, "Ndaga," yaani ahsante, akiwa ameshika kiuno.

Baba alisema msimu ujao atanunua la nne kwa sita. Msimu ujao alinunua radio kaseti, kwa sababu Baba Gwamaka alikuwa amenunua radio kaseti. Ya baba ilikuwa na spika kubwa zaidi, na haikuingia kwenye rafu.

Ningependa kuandika kwamba nilipokua na kuanza kibarua cha kiwanda cha chai, kitu cha kwanza nilimnunulia mama godoro. Wenzangu wa rika hili huandika hivyo. Mimi nilinunua la kwangu, tano kwa sita, kwa sababu nilikuwa naolewa. La pili lilikuwa la watoto. Mama nilimpelekea vitenge, sukari, na majani ya chai, yeye aliyeyachuma maisha yake yote. Kila nikimuuliza mgongo, anasema mgongo ni ule ule. Niliona ni jibu.

Sasa mwanangu ameoa, wamepanga chumba kimoja Bulyaga, hapo Tukuyu mjini. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikwenda kuwatembelea. Tulifungua mlango, ukagonga godoro. Sita kwa sita, unene inchi kumi na mbili, kutoka ukuta hadi ukuta. Wamelichagua kwenye simu. Wanajua sponji yake ni ya uzito gani, inafaa mtu anayelala ubavu au chali, ina dhamana ya miaka mingapi. Kitu pekee ambacho simu haikuwaambia ni kwamba chumba kina mlango. Jiko la gesi liko juu ya ndoo. Viatu viko dirishani.

"Panda tu, baba, jisikie nyumbani," mkamwana wangu akamwambia mume wangu. Naye akapanda, na soksi zake. Yule binti akakaa pembeni yake, bega kwa bega na baba mkwe, anamwonyesha picha za harusi, anamwita "mshua", wanacheka wote wawili. Akajilaza kidogo kwa kiwiko. Mume wangu naye akajilaza. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mkungu wa ndizi mkononi.

"Mama, mbona husogei? Godoro haling'ati," yule binti aliniambia.

Wenzangu wangetegemea nikasirike. Sikukasirika. Niliona wivu, na wivu wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa wa mama.

Mama alilala kwenye godoro la sponji kwa mara ya kwanza akiwa hospitali, siku zake za mwisho. Lilikuwa jembamba, tatu kwa sita, limefunikwa turubai la kijani lililopasuka. Muuguzi na mimi tulimshika mabega kumlaza, naye akakaza mikono yake kwenye chuma cha kitanda, hakukubali.

"Tumpe," akaninong'oneza, "kabla yangu nani alilala hapa?"

"Sijui, mama."

"Hata muuguzi hajui?"

Nilimuuliza muuguzi. Akacheka, akasema wagonjwa ni wengi, nani atawakumbuka.

 Mama akaachia chuma. "Kama hakuna anayejua," alisema, "basi nimlaumu nani," akajinyoosha taratibu, mgongo wake wote, kutoka shingoni hadi kiunoni. Akafumba macho. Nilisubiri kusikia majani yanalia. Hayakulia.

Siku hizi watu wanauliza inchi ngapi. Mama aliuliza nani. Mimi, niliyelala vizuri utoto wangu wote, sikuuliza lolote.