Kiti cha Kabula

Sweta za shule zikilowa mvua zina harufu yake, mchanganyiko wa sufu, moshi wa kuni na jasho la mtoto aliyekimbia. Huku Iringa ninakofundisha, msimu wa manyunyu darasa zima hunuka hivyo mpaka saa nne. Walimu wenzangu hufungua madirisha, maisha yanaendelea. Mimi harufu hiyo hunitibua siku nzima, na nikishatibuka sina uvumilivu na mtu, wanafunzi wangu wanajua.

Inanirudisha Madibira, kwenye mashamba ya mpunga, nilikosomea shule ya msingi. Niliketi dawati moja na Kabula tangu darasa la pili. Wazazi wake walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakaishi mbali kabisa huko mbugani. Sweta lake lilinukia moshi na maziwa. Alitembea mwendo mrefu kila asubuhi, na bado alifika kabla yangu, mimi ambaye kengele niliisikia nikiwa bado kitandani. Madawati hayakututosha, kwa hiyo aliweka mfuko wake wa madaftari mahali pangu, na kila aliyesogea Kabula alimwambia, "Hapa pana mtu." Alikuwa mrefu kuliko wavulana wote, hakuna aliyebisha. Siku chache nilizomtangulia, nami nilimwekea.

Tulipokuwa darasa la saba alishikwa na homa. Jumatatu alilalamikia kichwa, Ijumaa tukapangwa mistari kwenda msibani.

Shule yetu ilikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiheshimu. Mtoto akifariki kabla ya kumaliza, siku ya mahafali aliwekewa kiti katikati ya wahitimu wenzake, na juu yake sweta lake limekunjwa. Majina yakisomwa, na lake lilisomwa. Darasa zima liliitikia kwa pamoja, "Yupo!" Kisha mzazi alikuja mbele kuchukua sweta, na watu walipiga makofi kama kwa mtoto mwingine yeyote. Ndiyo hayo tu. Kwa mama yake Kabula, mahafali yote yalikuwa hayo tu.

Alifika asubuhi na mapema, amejifunga vitenge viwili vipya, viatu kavishika mkononi ili visiingie tope. Sweta alilifua mwenyewe. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dada mkuu, na kitambaa cha cheo nilikibandika kifuani kwa pini tatu kisije kikapeperuka. Nililiweka sweta kwenye kiti cha plastiki kando ya kiti changu, nikalinyoosha mikono. Mama akaenda kukaa kwenye nyasi pamoja na wazazi wengine.

Mgeni rasmi alichelewa. Sijui ni nani aliyewafundisha wageni rasmi kwamba heshima ni kuchelewa. Tulikaa juani mpaka nguo zikatuganda mgongoni, tukaimba nyimbo zote, tukarudia. Alipofika alikuja na watu zaidi ya tuliowatarajia, na meza kuu ikajaa. Dereva wake akabaki amesimama, maskini, hata hakuomba kitu.

Mwalimu mkuu akaangaza macho kushoto na kulia, akaniona.

"Dada mkuu, hebu toa hilo sweta. Mpishe mgeni akae."

Nikalitoa. Sikuuliza, wala sikusita. Nitawaambia ukweli ambao sijapenda kuusema: nilifurahi kwamba mwalimu mkuu ameniita mimi mbele ya watu wote. Nikalibana sweta kwapani, dereva akaketi, akaletewa soda.

Majina yakaanza kusomwa. Mwalimu wa taaluma, asiyekuwa na habari, alipofika kwenye jina la Kabula alilisoma kwa sauti nzuri, taratibu. Nasi tuliofanya mazoezi wiki nzima tukaitikia kwa nguvu, "Yupo!"

Dereva akashtuka. Akageuka huku na huku, soda mdomoni, akidhani ndiye anayeitwa. Mtu mmoja akacheka. Kisha mstari mzima ukaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, sweta la Kabula likiwa kwapani mwangu.

Nilipojifuta macho mama yake alikuwa ameshasimama mbele ya kile kiti, maana ndivyo alivyoelekezwa. Dereva akainuka haraka, hajui amekosa nini, akamsogezea kiti.

"Kaa tu, baba," mama alimwambia.

Akanigeukia, akanyoosha mikono miwili. Nikampa sweta, limekunjamana na lina jasho langu. Alilikunja upya palepale, polepole, mkono kwa mkono.

"Si mlikuwa mnakaa dawati moja?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Alivua viatu, akaondoka kabla ya wali kupakuliwa.

Watu ninaowasimulia huniambia nilikuwa mtoto, ningefanya nini mbele ya mwalimu mkuu. Zamani neno hilo lilinituliza. Mwaka huu limeacha kunituliza. Kwenye mahafali ya hapa tulimwekea kiti, kwa desturi ile ile, mwanafunzi wetu aliyefariki, mgeni rasmi akaja na watu wa ziada, na mkuu wangu wa shule akaanza kuangaza macho vilevile, mpaka yakatua kwenye kiti hicho.

"Hapo pana mtu, Mkuu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akamtuma mtu ofisini, kiti kingine kikaletwa. Hakuna aliyekasirika. Wimbo uliokuwa unaimbwa hata ubeti haukuisha. Nilitegemea kufurahi, lakini nilijawa na hasira nusura nitoke nje. Maneno yenyewe nilikuwa nayo tangu darasa la pili, kila asubuhi nikiyasikia yakisemwa kwa ajili yangu. Na viti vilikuwepo. Ile siku ya Madibira nilipotumwa jikoni kuchukua ile soda ya dereva, niliviona kwa macho yangu, viti viwili vitupu, wapishi wameviegemeza ukutani.