Aleluya Chini ya Dirisha

Usiku wa Jumanne ya Pasaka, mwaka 1947, Kafedha alikuwa amejikunyata chini ya dirisha la chumba cha wagonjwa, nje ya nyumba ya watawa huko Changamwe, akingoja habari za binti yake wa pekee aliyelazwa ndani. Selpher alikuwa na kichomi, na hii ilikuwa siku ya sita.

Mlangoni alikwisha kubisha. Sista Margaret, mtawa mzee aliyelinda mlango, alichungulia, akatikisa kichwa, akafunga. Tangu sala ya kulala hadi alfajiri watawa hawasemi na mtu, wala mgeni haingii.

"Wallahi, mambo gani haya!" alisema Mahfoudha, jirani yake aliyemsindikiza. "Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Chumba hujaa watu mpaka mwenyewe aombe hewa."

"Polepole, shoga. Watatufukuza."

"Watatufukuza kwa mdomo gani, nao hawasemi?"

Kafedha nusura acheke.

Miaka kumi na mmoja alikuwa dobi wa nyumba ile. Alifika kuteka maji kungali na giza, watawa wakiimba sala yao ya usiku, hata zaburi zile za Kilatini zikamkaa kichwani bila kujua maana ya neno moja. Selpher alimfuata na ndoo yake tangu mdogo. Alipokua, akaomba kubaki humo awe mtawa. Mama alilia siku tatu, kisha akamfulia shela.

Kengele ililia. Kanisani sauti zikapanda. Mgonjwa mwenye nguvu huitikia kitandani, na wakati wa Pasaka kila zaburi hufungwa kwa Aleluya. Zaburi ya kwanza ilipokwisha, Aleluya nyembamba ikatoka dirishani. Kafedha akashusha pumzi.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Ya pili ilitoka imekatikakatika. Ya tatu, kikohozi tu, kisha kimya.

Kafedha akasimama. Kumwita jina aliogopa. Wangemwondoa kabisa pale. Lakini kuimba si kusema. Akasogeza mdomo kwenye nondo za dirisha, akaitikia yeye mahali pa mwanawe.

"We mwanamke, una wazimu!" Mahfoudha alimshika mkono.

Ndani, sauti ikajikokota, ikashika neno pamoja na yake. Mwisho wa zaburi ya nne wakaitikia wote wawili, mama nje na mwana kitandani. Ya tano Kafedha aliimba peke yake. Ya sita pia. Mahfoudha alikuwa amemwachia mkono na kujifunika uso kwa buibui. Kafedha hakunyamaza, kunyamaza kungekuwa kukubali. Aliitikia mpaka kanisani wakamaliza na taa zikazimwa.

Komeo likavutwa. Sista Margaret alisimama kizingitini na kandili, mlango wazi nyuma yake.

"Ingia, Kafedha," alisema. "Njoo umfumbe macho mwanao. Sisi hatujamgusa."